Mlango Uliosema Hayupo

Pale bohari walimwita Fundi, na kwa miaka mingi hakuwa na jina jingine. Mtaani alikuwa Baba Mapacha. Kwa ndugu wa mkewe alikuwa Shemeji. Jina lake lenyewe, lile alilopewa alipozaliwa, lilibaki kwenye kadi yake ya kazi tu, limechapwa kwa herufi ndogo chini ya picha ambamo alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla. Zamani mkewe alimwita kwa jina hilo. Aliacha, na Fundi hakuweza kukumbuka ni lini. Aligundua tu, kama mtu anavyogundua kwamba saa ya ukutani imesimama.

Bohari ilikuwa ya chanjo za watoto. Jengo refu, kuta nene, madirisha hakuna, na ndani yake chumba kimoja kikubwa cha baridi ambacho hakikutakiwa kupata joto hata kidogo. Ili joto lisiingie, chumba hicho kilitanguliwa na ujia mfupi wenye mlango huku na mlango kule. Mmoja ukiwa wazi, mwingine haufunguki. Wafanyakazi waliuita ujia huo koo. Walisema jengo linakumeza kwanza, ndipo linaamua kama litakutema. Milango yote miwili ilikuwa ya kadi. Unagusisha kadi kwenye kisanduku cha ukutani, kisanduku kinasoma namba yako na kuipeleka kwenye kompyuta iliyokuwa chumbani kwa Fundi, chumba ambacho kabla yake kilikuwa stoo ya mafagio. Kompyuta inajibu: huyu tunamjua, mfungulie. Au: huyu hatumjui.

Aliyeifundisha kompyuta kujibu alikuwa Fundi. Aliiandikia programu fupi, na katikati ya programu akaweka jedwali. Jedwali la namna ile halisomwi kuanzia juu hadi chini kama majina ya wanafunzi darasani. Ni kama safu ya misumari ukutani: kila msumari una namba, na kwenye kila msumari ametundikwa mtu. Ukitaja namba, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye msumari wake. Kama msumari haupo, mkono haugongi kitu, haulalamiki, haupigi ukelele. Unarudi mtupu. Na mkono ukirudi mtupu, kisanduku cha ukutani kiliwasha taa nyekundu na kuandika neno moja: HAYUPO.

Neno hilo alilichagua yeye. Mwanzoni kisanduku kiliandika sentensi ndefu ya kigeni iliyowaudhi wapakiaji. "Hayupo" lilikuwa fupi, lilienea kwenye kioo, na wakati ule lilimfurahisha.

Nyumbani neno hilo lilikuwa limemtangulia. Mtu akibisha hodi na kuuliza kama baba yupo, mapacha walijibu kwa sauti moja, "Hayupo." Walijibu hivyo hata siku ambazo alikuwa amekaa pale pale sebuleni, kompyuta mapajani, mdomo wazi kidogo, macho kwenye mistari yake. Mama yao hakuwakanya. Hakuona walipodanganya.

Mapacha walikuwa wasichana wa kufanana kupita kiasi. Bibi yao, mzaa mama, aliwapa majina ya utani siku ileile ya kwanza: aliyelia akaitwa Kelele, asiyelia akaitwa Kimya. Majina yakawaganda. Lakini walipokua, wote walikuwa wasemaji, wote walicheka kwa kukoroma puani, wote walikunja mguu mmoja walipokaa, na majina yakabaki hayamsaidii mtu. Mama yao hakuwakosea hata akiwa amewapa mgongo. Baba yao aliwakosea mchana kweupe. Walipokuwa wadogo ilikuwa mchezo, wakimcheka mpaka wanajishika mbavu. Siku hizi Kelele aliendelea kucheka. Kimya aliacha. Akiitwa Kelele hakumrekebisha baba yake, wala hakununa, wala hakuitika. Alitazama kitu kingine mpaka mwitaji achoke mwenyewe.

Sasa Kimya alikuwa amepata nafasi kwenye shule ya bweni, mbali, safari ya kulala ndani ya basi. Kelele hakupata. Tangu walipoumbwa hawakuwahi kulala nyumba mbili. Wiki ile ya kufunga sanduku, Fundi alimkuta mmoja wao amepiga magoti sakafuni anakunja shuka, na kwa vile shuka zilikuwa za shule alijua ni Kimya.

"Jumamosi utanisindikiza?" msichana akauliza bila kuinua kichwa.

"Sanduku hilo nitalibeba mimi mwenyewe."

"Sijauliza sanduku, Baba. Nimeuliza, utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Akainua kichwa, akamtazama kama mama yake anavyotazama kitambaa kabla ya kukitia mkasi. "Usipokuwepo, usinipigie simu shuleni. Sitakuja kupokea."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkaa Fundi kifuani. Alilisema kama mtu anayepanga vitu vyake.

*

Jumamosi asubuhi Fundi alikwenda bohari, na kama kuna mtu wa kumlaumu, alikwenda kwa nia njema. Kila mwisho wa mwezi ofisi ya utumishi ilimletea orodha mpya ya wafanyakazi, naye aliketi stooni mwake akizichapa namba moja moja kwenye programu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka macho yakamwuma. Safari hii alikuwa ameibadilisha programu. Ingelisoma faili la utumishi yenyewe na kulijaza jedwali yenyewe.

"Nikimaliza hii leo," alimwambia mkewe, "Jumamosi zote zilizobaki ni zenu."

Mkewe alikuwa mshona mapazia. Alikuwa ameinama juu ya meza, pini midomoni, nusu ya dirisha la mtu imetandazwa mbele yake. Akatoa pini. "Basi linaondoka jioni."

"Mchana nimesharudi."

"Kaka yangu yuko zamu leo?"

"Yupo."

"Basi atakuleta," akasema, na pini zikarudi mdomoni.

Kaka huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa bohari. Fundi mwenyewe alimtafutia kazi hiyo, na tangu hapo walikuwa wakitaniana getini asubuhi na jioni. Alikuwa na pikapu kuukuu, na ilikwisha kukubalika kwamba sanduku la Kimya lingekwenda stendi kwa pikapu hiyo.

Stooni mambo yalinyooka. Fundi alichapa namba ya kadi yake, 4117, na programu ikamtolea jina lake kamili. Akachapa ya shemeji yake, likatoka la shemeji. Akachapa namba ya uongo, ikamwambia hayupo. Hakuona dosari. Alijisikia mwepesi, na kwa wepesi huo akaifuta programu ya zamani, kabisa, bila kuacha nakala, kama mtu anavyotupa viatu vilivyomchubua. Kisha akachukua kompyuta yake ya mkononi, akamwita shemeji yake, wakaenda kuijaribu kwenye mlango wenyewe.

Waliingia kwenye koo. Mlinzi alikuwa ameuzuia mlango wa nje kwa kigoda tangu asubuhi.

"Toa kigoda," alisema Fundi.

"Una uhakika, Shem?"

"Nimeshaijaribu. Toa."

Kigoda kikavutwa ndani. Mlango ukajifunga taratibu, kwa sauti ya mtu anayebana midomo. Fundi akagusisha kadi yake.

Taa nyekundu. HAYUPO.

Akaifuta kadi kwenye suruali, akagusisha tena. HAYUPO.

"Nani huyo hayupo?" aliuliza mlinzi. "Wewe?" Akagusisha ya kwake. HAYUPO. "Kumbe na mimi. Sasa hapa wamesimama kina nani?"

"Subiri kidogo."

"Nisubiri? Kwani naweza kwenda wapi?"

Kulikuwa na kitufe cha dharura. Kilikufa tangu mvua zilipopenya ukutani, na juu yake palibandikwa karatasi kwa utepe wa gundi: FUNDI ANAKUJA. Shemeji mtu aliisoma kwa sauti, polepole, kisha akamgeukia. Mwandiko ulikuwa wa Fundi.

Walimpigia simu Meneja. Kwa mbali kulikuwa na muziki na watu wakishangilia.

"Ufunguo wa mkono ninao mimi," alisema Meneja, "uko humu kwenye mkoba, na mkoba uko na mimi harusini, mji mwingine. Kwani wewe si ndiye fundi?"

"Ndimi, Mama."

"Haya, tengeneza. Na tafadhali usivunje kitu, humo mna chanjo za watoto wa watu."

Simu ikakatika. Wapakiaji walikuwa wameshakwenda zao. Mlinzi wa zamu ya usiku angefika baadaye sana, na hata akifika hakuwa na kadi ya mlango ule.

Fundi aliketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta unaopitisha baridi, akafungua kompyuta. Mtandao ulifika, kwa shida lakini ulifika. Shemeji yake akakaa juu ya kigoda.

*

Alianza na jedwali. Akaliambia litoe kila lilicho nacho, nalo likatoa, msumari kwa msumari, na katikati yao: 4117, na jina lake pembeni. Alikuwemo. Akaiambia programu imwonyeshe kile hasa ambacho kisanduku cha ukutani kilikuwa kikileta. Akainuka, akagusisha kadi, akarudi kutazama. 4117.

Akaziweka namba hizo mbili moja juu ya nyingine.

4117
4117

Alizitazama. Labda moja ilikuwa na nafasi tupu nyuma yake, mkia usioonekana. Makosa ya namna hiyo aliyajua. Akapima urefu wake. Hakuna mkia. Labda sifuri imejificha mbele. Hakuna. Akazikagua tarakimu moja moja, nne na nne, moja na moja, kama mtu anayelinganisha viatu vya duka moja. Zilikuwa sawa. Na kila alipoliuliza jedwali, kwa namba ileile ambayo jedwali lenyewe lilikuwa limemwonyesha kwamba linayo, mkono ulikwenda na kurudi mtupu.

Angalau lingekataa, aliwaza. Angalau lingelalamika. Mtu akikukataa unajua pa kuanzia. Hili halikumkataa. Lilikuwa kimya tu.

"Shem," alisema mlinzi, "unajua umeme ukikatika milango hii hujiachia?"

"Ndiyo."

"Kila siku unakatika. Nikipiga pasi, unakatika. Nikinyoa, unakatika nimenyoa upande mmoja. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuuomba ukatike, na uone unavyowaka."

"Hata ukikatika, betri itashika."

"Nani aliweka betri?"

Fundi aliendelea kuchapa.

"Basi," alisema mlinzi. "Sikuuliza."

Saa zilipita kwa namna ambayo saa hupita mahali pasipo na dirisha, bila kuonyesha mwili wake. Mashine za baridi zilinguruma nyuma ya mlango wa pili, zikanyamaza, zikanguruma tena. Vidole vya Fundi vilikufa ganzi. Alibadilisha mstari huu, akaurudisha, akabadilisha ule. Kila badiliko lilimwonyesha tumaini dogo, kiasi cha kumfanya asimame na kugusisha kadi, na kila mara neno lake mwenyewe lilimsubiri kwenye kioo. Mkewe alipiga. Akasema, "Dakika chache, nimekaribia." Mkewe akapiga tena. Akasema hivyohivyo, kwa maneno yaleyale, na safari hii mkewe akakata.

Mlinzi alisimama, akajinyoosha, akaugonga mlango kwa kiganja kama anayempapasa ng'ombe.

"Nikuulize kitu cha kijinga."

"Uliza."

"Hii programu si ya kwako? Si wewe unayeiambia imfungulie nani, nani isimfungulie?"

"Ndiyo."

"Sasa huwezi kuiambia ifungue tu? Iache kuuliza mtu ni nani. Anayegusa, apite. Hata kwa leo."

Fundi aliendelea kutazama kioo. Masikio yakamwaka moto.

"Shemeji. Nakuuliza. Huwezi?"

"Naweza."

"Ni kazi ya muda gani?"

"Ya mstari mmoja."

Mlinzi alikaa tena kwenye kigoda, taratibu, kama mtu aliyeambiwa akae ndipo apewe habari. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni, na bila mzaha alifanana na dada yake mno.

"Tangu tufungiwe humu," alisema.

"Nikifungua bila kujua kosa liko wapi, Jumatatu litawafungia wengine. Pengine huko ndani kabisa, kwenye baridi. Nilitaka kwanza nijue…"

"Jumatatu! Mtoto anaondoka leo, wewe uko Jumatatu?"

"Nilidhani ni mstari unaofuata tu. Kila mara nilidhani ni unaofuata."

"Wewe hukufungiwa," alisema mlinzi. "Mimi ndiye niliyefungiwa. Wewe upo kwako."

Simu ya Fundi ililia. Namba ilikuwa ya mkewe, lakini sauti ilikuwa ya msichana, nyembamba, yenye mafua ya kulia.

"Baba?"

"Kimya, mwanangu," alisema upesi, "nisikilize, niko njiani natoka sasa hivi, usipande basi kabla sijafika, umesikia? Kimya?"

Upande wa pili hakuna aliyeitika. Alisikia gari likipita, mtu akivuta pumzi. Akaita tena. Hakuna. Ilikuwa sauti ileile, simu ileile, na jina alilolirusha lilikwenda mpaka mwisho na kurudi bila kitu.

Kisha akaja mkewe. "Huyo ni Kelele," alisema. "Kimya yuko hapa kando yangu. Simu iko kwenye spika, amekusikia. Jirani ametupa gari. Sanduku limeshapakiwa. Ukiweza, tukute stendi."

Fundi aliiweka simu sakafuni. Akaandika ule mstari mmoja. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata akaukosea, akaufuta, akauandika upya. Kisha akainuka na kugusa kisanduku, si kwa kadi, bali kwa funguo zake za nyumbani zenye kitambulisho cha plastiki cha kufungulia geti la kwake, kitu ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na bohari. Taa ikawa kijani. Mlango ukafunguka kwa yeyote, kwa chochote.

Joto la nje liliwapiga usoni. Fundi alifunga lango kubwa kwa kufuli ya kawaida, ile isiyohitaji kumjua mtu, wakakimbilia pikapu.

*

Njia nzima alizitazama tarakimu. Hazikuwa popote, na bado alizitazama: kwenye vibao vya magari, kwenye milango ya maduka, juu ya vumbi la kioo cha mbele. 4117 juu, 4117 chini. Shemeji yake aliendesha amekunja uso, akipiga honi kwa watu ambao hawakuwa wamemzuia. Fundi alijilazimisha kumfikiria Kimya, akaandaa maneno ya kumwambia. Maneno yalisimama kwa mstari, na katikati ya mstari, bila kuitwa, ikaingia fikra nyingine: kule stooni ilifanya kazi. Kwa nini kule stooni ilifanya kazi?

Basi lilikuwa limeshawasha moto. Lilikuwa refu, jipya, la madirisha ya kioo kizima yasiyofunguka. Mkewe alisimama kando yake amekumbatia mkoba kifuani.

"Wako ndani," alisema. "Kelele ameingia kumkalisha. Konda hapandishi mtu mwingine."

Fundi aliambaa na ubavu wa basi akiinua shingo, dirisha kwa dirisha, mpaka akawaona. Nyuso mbili nyuma ya kioo kimoja, zimegusana mashavu. Walikuwa wamevaa sweta za shule wote wawili, kwa sababu Kelele alimwomba pacha wake amwazime moja avae mpaka basi liondoke. Nywele zimesukwa mkono mmoja. Macho mekundu ya namna moja. Wote wawili walimtazama, na hakuna aliyepunga.

Alifungua mdomo amwite Kimya. Kioo kilikuwa kinene, injini ilinguruma, asingesikika. Na hata angesikika, angemwita akimtazama nani? Mmoja wao angeitika kwa jina lile na mwingine asingeitika kamwe, hata dunia iinamishwe, na kwa macho hapakuwa na tofauti, tofauti haikuwa mahali ambapo macho yanafika. Aliyefanana na Kimya si Kimya. Ni wa aina…

Ni wa aina nyingine.

Ikamjia yote kwa pamoja, kama taa inayowashwa chumbani. Faili la utumishi lilikuwa faili la maandishi. Kila kilichosomwa humo kiliingia kwenye jedwali kama maandishi: nne, moja, moja, saba, michoro minne iliyosimama bega kwa bega, haihesabiki, kama jina la mtu. Kisanduku cha mlangoni kilileta namba, idadi, kitu cha kujumlisha na kutoa. Kioo cha kompyuta kilivivika vyote viwili sweta moja. Lakini jedwali halitazami sura. Linauliza wewe ni nini. Na kule stooni alijaribu kwa kuchapa kwa vidole vyake, na kila kinachochapwa kwa vidole huingia kama maandishi, kwa hiyo maandishi yakakuta maandishi, yakakumbatiana, naye akaona kazi imekwisha. Alipokuwa akizichapa mwenyewe ndani ya programu miaka yote ile, alizichapa kama namba. Neno moja tu lilihitajika, la kugeuza maandishi kuwa namba, mahali pale orodha inapoingilia.

Fundi alitabasamu. Hakukusudia. Lilikuwa tabasamu la uso mzima, la mtu aliyetuliwa mzigo, macho yameng'aa, nyusi zimepanda. Tabasamu ambalo nyumbani kwake halikuwa limeonekana kwa muda mrefu.

Nyuma ya kioo, uso wa kulia ukatetemeka. Kisha ukatabasamu pia, polepole, kwa mshangao, machozi yakiwa bado mashavuni. Msichana yule akanyanyua kiganja na kukibandika kwenye kioo.

Wa kushoto akashuka. Konda alikuwa akimfokea. Basi likaondoka na kile kiganja.

*

Waliketi wanne kwenye kiti cha mbele cha pikapu, wamebanana, Kelele amelala begani kwa mama yake. Mlinzi aliwasha redio, akaizima. Walipofika njia panda, Fundi alikohoa.

"Shem, nipitishe bohari kidogo. Mlango nimeuacha wazi."

Mkewe alikuwa akitazama mbele. Baada ya muda alisema kwa sauti ya chini, ili asimwamshe msichana:

"Umeipata."

"Nimepata nini?"

"Usinifanye mtoto. Ule uso naujua. Nimekaa nao mezani, nimekula nao." Akaurekebisha mkoba mapajani. "Umeipata pale pale, ukimwangalia mtoto."

Fundi alitazama mikono yake. Alitafuta la kusema, na kila alilolishika lilikuwa kweli nusu.

"Nitamwambia," alisema mwishowe.

"Utamwambia nini?" Mkewe alimgeukia kwa mara ya kwanza siku ile, na macho yake hayakuwa na ukali, yalikuwa yamechoka tu. "Ulimwona alivyoshika kioo? Mwache nayo. Hana kingine alichoondoka nacho kutoka kwako. Usije ukamnyang'anya kwa sababu unataka kupumua."

Shemeji mtu alikata kona kuelekea bohari.

Pale stooni kazi ilichukua muda wa kufungua na kufunga mlango. Neno moja. Akaufuta ule mstari wa kumfungulia yeyote, akaenda kwenye koo akiwa peke yake, akaacha mlango ujifunge nyuma yake na kugusisha kadi. Taa ya kijani. KARIBU, na jina lake kamili, lile ambalo hakuna aliyemwita nalo tena. Alisimama akilisoma mpaka likazimika.

Kimya alipopiga simu, kwa simu ya matroni, ilikuwa siku ya kazi, mchana, na Fundi alikuwa kwenye koo lilelile akikifunga upya kitufe cha dharura, hatimaye. Karatasi yake ilikuwa mfukoni, imekunjwa.

"Baba, mimi," sauti ilisema, na kwa vile ilitoka shuleni alijua ni yeye.

"Kimya."

"Hapa kunaboa, lakini siyo sana. Nimepata kitanda cha juu." Akazungumza habari za maji ya kuoga, za mwalimu anayenusa tumbaku, za msichana anayezungumza usingizini. Kisha akashusha sauti. "Nataka kukwambia kitu. Nilikuwa nimeapa sitakupigia. Siku ile nilimfanya Kelele aombe kuvaa sweta yangu, makusudi. Yeye hajui, alidhani wazo ni lake. Nilitaka nione."

"Uone nini?"

"Kama utanijua. Na tulikuwa wawili, tumefanana kabisa, hata konda alituchanganya. Wewe ukaja, ukatutazama, ukanichekea mimi. Moja kwa moja. Kelele hukumwangalia hata kidogo." Alicheka kwa kukoroma puani. "Ulijuaje, Baba?"

Mashine za baridi zilinyamaza wakati huohuo, kama zinavyonyamaza, na ujia ukajaa utulivu. Fundi alikuwa na bisibisi mkono mmoja na simu mkono mwingine. Mlango wa nyuma yake ulikuwa umefungwa. Wa mbele yake ulikuwa umefungwa. Kadi ilikuwa kifuani mwake, ikining'inia kwenye uzi, nzima, inayojulikana.

"Baba? Umekatika? Upo?"

"Nipo," alisema Fundi, na sauti yake ikagonga mlango wa huku, ikagonga mlango wa kule, ikamrudia.